Gari la Spoti la Zamani Likilala Wiki Sita, Umeme wa Betri Huenda Wapi?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Injini ndogo ya petroli ikipigwa stata huvuta mkondo wa karibu ampea 200. Ni mkondo mkubwa, taa hufifia, na mwenye gari huamini kwamba kuwasha ndiko kunakomaliza betri. Lakini stata hufanya kazi kwa sekunde mbili tatu tu. Ampea 200 kwa sekunde 3 ni ampea-saa 0.17 (ampea-saa moja ni mkondo wa ampea moja kwa saa nzima). Sasa chukua saa ya dashibodi, redio inayotunza kumbukumbu ya stesheni na alamu iliyofungwa miaka mingi baada ya gari kutoka kiwandani. Tuseme vyote pamoja vinavuta miliampea 50, usiku na mchana. Kwa siku moja hiyo ni ampea-saa 1.2. Gari limeegeshwa, ufunguo uko mfukoni, na bado kila siku linatumia umeme ambao ungetosha kuliwasha mara saba.

Gari la kila siku halionyeshi tatizo hili, kwa kuwa hata likivuta usiku kucha, asubuhi alteneta, mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, inarudisha. Gari la spoti la zamani lina maisha mengine. Hutoka siku ya jua, hurudi gerejini, hufunikwa turubai, na huenda lisiguswe tena mpaka mwezi upite. Kwa betri ya ampea-saa 50, miliampea 50 humaliza nusu ya akiba katika wiki tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na ni haba na haba hiyohiyo inayokimaliza.

Kwa hiyo swali la kwanza si chaja gani inunuliwe. Swali la kwanza ni kiasi gani kinapotea gari likiwa limelala, na kinapotelea wapi. Ukishajua namba hiyo, mengine yote huwa mepesi kuamua. Usipoijua, utanunua betri mpya kila baada ya mwaka na kumlaumu aliyekuuzia.

Betri ikiwa peke yake

Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake ni ileile mpaka leo. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila seli ikitoa takriban volti 2.1. Umeme unapotumika, mabamba ya ndani hufunikwa na salfeti ya risasi, na asidi hupungua nguvu na kukaribia kuwa maji. Betri ikichajiwa, salfeti huyeyuka na asidi hurudi kuwa kali.

Mwendo huo hutokea taratibu hata betri ikiwa imewekwa juu ya meza, haijaungwa na waya wowote. Betri ya kawaida ya maji, ikiwa ya kisasa na nzima, hupoteza takriban asilimia 3 hadi 5 ya chaji kwa mwezi kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Zile za AGM, ambazo asidi yake imefyonzwa na mikeka ya nyuzi za kioo, hupoteza pungufu ya hapo. Joto huongeza kasi: makadirio yanayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukaribia kuufanya upotevu huo kuwa maradufu.

Inasikika kama jambo kubwa, lakini lipige hesabu. Asilimia 4 ya ampea-saa 50 ni ampea-saa 2 kwa mwezi mzima. Ukiigeuza kuwa mkondo usiokoma, ni chini ya miliampea 3. Betri nzima iliyotenganishwa na gari inaweza kukaa miezi mitatu na bado ikapiga stata bila kusitasita. Ikiwa yako inakufa ndani ya wiki tatu, haijimalizi yenyewe. Kuna kitu kinaivuta, au imeshazeeka.

Kinachoua betri zaidi ni kukaa na chaji pungufu kwa muda mrefu. Chembe za salfeti zikiwa changa ni laini, na chaja huziyeyusha bila shida. Zikiachwa wiki na miezi hukua na kugumu, na sehemu ya bamba iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Ndiyo sababu betri ya mwaka mmoja iliyoachwa tupu kwa miezi mitatu hukubali chaji kwa saa chache, husoma vizuri kwenye mita, kisha hushindwa kuzungusha injini. Namba zake zinadanganya, kwa kuwa volti zipo lakini ujazo wa ndani umekwisha.

Mpaka wa kukumbuka ni volti 12.4. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma kati ya 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na karibu robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na ikishuka chini ya 11.9 ihesabu kuwa tupu. Angalia jinsi nafasi hiyo ilivyo finyu: kutoka kujaa mpaka kuisha haifiki hata volti moja. Kuwasha taa na kutazama kama zinang'aa hakukwambii chochote cha maana, na ile mita ya mshale kwenye dashibodi ya gari la miaka ya sitini haina makali ya kutofautisha 12.2 na 12.6. Tumia multimita ya dijiti, na pima baada ya gari kupumzika saa kadhaa. Ukipima mara tu baada ya safari au baada ya kuchomoa chaja, utasoma chaji ya juujuu iliyobaki kwenye uso wa mabamba na kujidanganya.

Baridi nayo ina hesabu yake. Asidi ya betri iliyojaa haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, jambo ambalo karibu hakuna gereji italiona. Betri tupu, ambayo ndani yake yamebaki maji zaidi, inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, na barafu ikishatanuka hupinda mabamba na kupasua boksi. Penye baridi kali, basi, betri iliyojaa iko salama ndani ya gari, na ile iliyoisha iko hatarini.

Na kwa kuwa bado watu hubishana: betri ya sasa haiishi chaji kwa kuwekwa kwenye sakafu ya saruji. Imani hiyo ina asili, kwani maboksi ya betri za kale yalitengenezwa kwa vitu vilivyoweza kupitisha unyevu na kuvujisha umeme. Maboksi ya leo ni ya plastiki ngumu. Kinachovujisha kweli ni uchafu wa juu ya betri yenyewe. Vumbi lililochanganyika na ukungu wa asidi hutengeneza njia nyembamba ya umeme kutoka nguzo chanya hadi hasi. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi na ya pili uipitishe taratibu juu ya kifuniko cha plastiki. Ukiona volti, hata kama ni sehemu tu ya volti, safisha kwa maji yenye magadi kidogo na kitambaa, ukiangalia yasiingie ndani ya seli.

Wavutaji walio ndani ya gari

Magari ya zamani yana sifa moja nzuri: hayana kompyuta zinazokesha. Jaguar E-Type au Triumph TR6 ikitoka kiwandani haikuwa na chochote, zaidi ya pengine saa ya dashibodi, kinachotumia umeme ufunguo ukiwa umezimwa. Gari la namna hiyo likivuta miliampea 5, ni kawaida. Likivuta 80, mtu amelifanyia kitu, au kuna kifaa kimeharibika.

Mara nyingi ni la kwanza. Alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio mpya, kizuia injini kilichofungwa kwa matakwa ya bima, soketi ya kuchaji simu iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri: kila kimoja kikiwa peke yake ni kidogo, na kila fundi aliyekifunga aliamini hakitaleta shida. Redio nyingi zina nyaya mbili za umeme, wa kumbukumbu na wa kuwashia. Fundi mwenye haraka akiziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio haizimiki kikamilifu hata skrini ikiwa nyeusi.

Halafu kuna taa. Taa ya buti, ya boneti, ya kisanduku cha dashibodi. Balbu ya wati 5 huvuta karibu ampea 0.4, ambayo kwa siku ni ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 50 inakuwa nusu kwa siku mbili na nusu. Swichi ya taa hizo ni kipini kinachobonyezwa na kifuniko, na kwenye gari la miaka hamsini bawaba zimelegea, mpira umekauka, kipini hakifiki. Huwezi kuiona taa ya buti wakati buti limefungwa. Weka simu ndani ikirekodi video, funga, kisha itazame. Au fungua baada ya nusu saa uguse balbu: ikiwa ya moto, umeshapata jibu.

Alteneta ina daiodi zinazoruhusu umeme utoke kwenda kwenye betri na kuuzuia kurudi. Daiodi moja ikianza kuvuja, umeme hurudi nyuma na kupita kwenye koili za alteneta usiku kucha, wakati ambapo mchana gari linaweza kuendelea kuchaji kiasi cha kutotiliwa shaka. Dalili moja isiyohitaji mita ni kugusa mwili wa alteneta saa nyingi baada ya injini kuzimwa na kupoa. Ukiukuta una uvuguvugu, umeme unapita ndani.

Kwenye magari ya kale zaidi, yenye dinamo badala ya alteneta, kazi ya daiodi hufanywa na relei ya kukata iliyomo ndani ya boksi la regyuleta, yaani kidhibiti cha volti. Injini ikizimwa, kontakti za relei hiyo zinapaswa kuachana. Zikishikana kwa sababu zimeungua au springi imechoka, betri hujaribu kuizungusha dinamo kama mota. Hapo hatuzungumzii miliampea tena. Waya hupata moto, na tatizo la betri hugeuka kuwa hatari ya kuunguza gari. Mwenye gari la dinamo anayesikia harufu ya waya baada ya kuegesha asisubiri kesho. Achomoe papo hapo waya wa ethi, ule unaounga betri na bodi ya gari.

Kupima, kabla ya kununua chochote

Hili linafanyika kwa multimita ya bei ndogo, ila lina mitego. Toa ufunguo, zima kila kitu, funga milango. Kama boneti au buti ni lazima vibaki wazi, toa balbu zake au zibonyeze swichi kwa utepe. Kama mlango ni lazima ubaki wazi, bonyeza kipini cha swichi yake kwa utepe, gari liamini mlango umefungwa. Legeza waya wa ethi kwenye betri, kisha unganisha multimita kati ya nguzo na waya huo, plagi nyekundu ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Mita sasa ni sehemu ya njia ya umeme, na kila kinachovutwa kinapita ndani yake.

Kuanzia hapo usipige stata na usiwashe taa kubwa, kwani fyuzi ya mita itakatika mara moja. Kwenye gari la miaka ya tisini lenye kompyuta kadhaa, subiri hata saa nzima ndipo usome, kwa sababu vifaa hivyo huchelewa kulala. Kwenye gari la 1965 hakuna cha kusubiri.

Miliampea 50 huchukuliwa kuwa kikomo kwa gari linalotumika kila siku. Kwa gari linalolala miezi, mimi naona hata 20 ni nyingi, kwani kwa siku 50 zimeondoka ampea-saa 24. Ikiwa namba ni kubwa, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine ukitazama mita. Inaposhuka ghafla, umeipata njia, na ramani ya umeme ya gari itakuonyesha nini kimeungwa hapo.

Tatizo ni kwamba magari ya Uingereza ya enzi hizo yalikuwa bahili wa fyuzi. MGB za mwanzo zilikuwa na fyuzi mbili tu zinazofanya kazi, na taa kubwa hazikuwa na fyuzi kabisa. Unaweza kuchomoa zote na mita isitikisike. Basi fuata nyaya zisizo na fyuzi: swichi ya ufunguo, alteneta, stata, na chochote kilichoungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya betri au kwenye solenoidi ya stata, ile swichi nzito inayoipa stata umeme. Kwa alteneta, chomoa kwanza ethi ya betri, ondoa waya mnene wa alteneta, uzibe ncha yake kwa utepe, rudisha mita na usome upya. Namba ikianguka, peleka alteneta kwa fundi ikabadilishwe daiodi.

Kuna pia gari ambalo mita inaonyesha miliampea 3, betri inasoma 12.6, na bado stata inazunguka kwa uvivu kama betri imekufa. Hapo tafuta kutu. Waya wa ethi unaounga injini na bodi huoza kimyakimya kwenye magari haya. Pima volti kati ya nguzo ya ethi ya betri na chuma cha injini wakati mwenzako anapiga stata. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya au kwenye viungo vyake.

Kuwasha Jumamosi na kuzima si kuchaji

Desturi ya kuingia gerejini kila wiki, kuwasha injini dakika kumi ikiwa imesimama, kisha kuzima na kuondoka na dhamiri safi, naiona mbaya kuliko kutofanya chochote. Dinamo haichaji kabisa injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Ile taa nyekundu inayopepesa kwenye dashibodi ndiyo inayosema hivyo. Dinamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya spoti ya Uingereza, hata ikizunguka kwa kasi inatoa takriban ampea 22 tu, na taa kubwa zikiwashwa hula karibu nusu yake. Alteneta ni bora, lakini nayo kwenye mwendo wa chini hutoa sehemu ndogo ya uwezo wake.

Wakati huohuo injini haijapata joto la kutosha. Kabureta inamimina petroli nyingi, sehemu yake inashuka kwenye oili, na mvuke wa maji unaozalishwa na mwako unabaki ndani ya oili na ndani ya ekzosi. Silensa za magari yasiyotembea huoza kutokea ndani kwa sababu hii.

Safari ya kweli ya nusu saa au zaidi, oili ikiwa moto, ni jambo jema kwa breki, kwa mipira ya kuzuia oili, kwa tairi na kwa mwenye gari. Itarudisha kilichotumika na stata na ziada kidogo. Isichoweza ni kujaza betri iliyofika nusu. Betri ya risasi hupokea umeme kwa pupa mwanzoni, kisha kadiri inavyokaribia kujaa hupokea kidogo kidogo, na asilimia 20 za mwisho huchukua saa nyingi hata kama alteneta ina nguvu kiasi gani. Gari linalotoka mara moja kwa mwezi kwa nusu saa huishi maisha yake yote likiwa na betri isiyojaa, na tumeshaona salfeti hufanya nini hapo.

Kukata, au kulisha

Zimebaki njia mbili, na uchaguzi unategemea ile namba ya multimita na kama gereji ina umeme.

Kukata ndiyo njia ninayoipenda kwa gari lisilo na alamu. Swichi ya kukatia betri hufungwa kwenye waya wa ethi. Ya kitasa cha kulegeza kwa vidole inatosha. Ukiegesha, legeza, mvuto wa gari ni sifuri, na kinachobaki ni zile miliampea 3 za betri yenyewe. Chaji mara moja kila miezi miwili na betri haitashuka hadi 12.4. Faida nyingine ni kwamba nyaya za miaka hamsini, zenye mpira uliopasuka, hazina umeme ukiwa umelala. Hasara ni saa kusimama na redio kusahau stesheni, na baadhi ya redio za miaka ya themanini na tisini huomba namba ya siri zikirudishiwa umeme. Itafute namba hiyo kabla ya kukata.

Usikate kamwe injini ikiwa inawaka. Betri ndiyo inayotuliza volti za alteneta, na ikiondolewa ghafla volti hupanda kiasi cha kuua daiodi na kila kifaa cha elektroniki kilichowashwa. Na unapochomoa kwa spana, anza daima na upande wa ethi, ili spana ikigusa bodi kusitokee cheche.

Tahadhari ya ethi ina mzunguko wake kwenye magari haya, kwani si yote yana ethi hasi. Jaguar E-Type ya lita 3.8 ina ethi chanya. Ile ya lita 4.2 iliyotoka 1964 ikageuzwa kuwa hasi. MGB ilibaki na ethi chanya hadi 1967. Chaja haijali jambo hili: waya mwekundu huenda kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, bila kutazama ni upi umeungwa na bodi. Anayepaswa kujali ni fundi anayefunga redio, na yule anayeazima moto kutoka gari la jirani. Ukiunganisha gari la ethi chanya na la ethi hasi, hakikisha bodi zao hazigusani popote, maana bodi zenyewe ni nguzo mbili tofauti.

Kulisha ni kuiacha betri kwenye chaja ya kutunza muda wote gari limelala. Hapa majina hufanana na vitu havifanani. Chaja za kale za mkondo mdogo husukuma ampea moja au mbili bila kukoma, betri ijae isijae. Zikiachwa mwezi, huchemsha maji mpaka mabamba yabaki wazi. Chaja ya kutunza hupima. Hupandisha volti hadi karibu 14.4 wakati wa kujaza, kisha ikiona betri imejaa hushuka hadi kati ya 13.2 na 13.8, kiwango kinachozuia kushuka bila kupika. CTEK ya Sweden ni moja ya zinazojulikana zaidi, na zipo nyingine nyingi nzuri. Jambo la kukagua dukani ni kama chaja inarudi kazini yenyewe umeme ukikatika na kurudi. Isiyoweza itakaa imezima wiki nzima huku ikionekana imechomekwa.

Ziunge nyaya za chaja moja kwa moja kwenye betri, kwa kipande cha waya chenye fyuzi kinachobaki kwenye gari na kutokeza mahali panapofikika. Kuchaji kupitia soketi ya kiberiti cha sigara hufanya kazi tu ikiwa soketi hiyo ina umeme ufunguo ukiwa umetolewa, na kwenye magari mengi haina. Betri ya maji iliyo kwenye chaja ikaguliwe kila mwezi. Ikipungua iongezwe maji yaliyokenekwa, wala si asidi. Na gereji ipitishe hewa, kwani betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Paneli ndogo ya jua ya wati 5 au 10 yenye kidhibiti ni mwokozi pale ambapo hakuna umeme, mradi iwe juani. Nyuma ya kioo chenye kivuli, ndani ya gereji, haifanyi chochote, na isiyo na kidhibiti wala daiodi inaweza usiku kuvuta umeme kutoka kwenye betri.

Mpangilio wa gari unaweza kuvuruga yote haya. MGB kwa miaka mingi ilibeba betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zikiwa zimeungwa kwa mfululizo. Kila moja ipimwe peke yake na isome 6.3, kwa sababu moja ikichoka itaiburuta ya pili na jumla ya volti itakuficha. Porsche 911 za modeli za 1969 hadi 1973 zina mbili za volti 12 kwenye pembe za mbele, kila upande moja, zikiwa sambamba. Seli moja ikifa upande wa kushoto, ya kulia huimwagia umeme wake wote. Corvette za 1968 hadi 1982 zinaweka betri nyuma ya viti, na Mazda MX-5 ya kwanza inaiweka ndani ya buti, ikiwa imezibwa na kuwa na mirija ya kutoa gesi nje. Anayeibadilisha kwa betri ya kawaida isiyo na mirija hatapata shida ya umeme. Ataipata kwenye chuma cha buti, ukungu wa asidi ukianza kukila. Na magari ya spoti ya karibuni zaidi, ambayo siku moja nayo yataitwa ya zamani, yana kejeli yao: kwenye Porsche 911 ya kizazi cha 997 betri iko chini ya kifuniko cha mbele kinachofunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, kifuniko hakifunguki, na inabidi uvute nguzo ya dharura kwenye boksi la fyuzi lililo miguuni ndani ya gari ili uilishe kutoka nje.

Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 (lithiamu na fosfeti ya chuma) zimeanza kuingia kwenye magari haya kwa sababu ya wepesi. Zinajimaliza polepole sana, lakini lugha yake ya volti ni nyingine: ikiwa imejaa na kupumzika husoma takriban 13.3, na inayosoma 12.6, ambayo kwa risasi ni kujaa, imekaribia kuisha. Hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na chaja iwe na mpangilio wake maalumu, bila ile hatua ya kuvunja salfeti inayopandisha volti. Kwa gari lenye dinamo na regyuleta ya kontakti, sishauri.

Mwisho ni umri. Betri iliyochajiwa usiku kucha, ikaachwa saa kadhaa, kisha ikasoma 10.5, ina seli moja iliyokufa: tano zikizidishwa kwa 2.1 ndiyo hiyo 10.5. Hakuna chaja itakayoirudisha. Irudishe dukani, kwani risasi yake hurejelezwa, na kabla ya kufunga mpya, kwa kuwa waya wa ethi tayari uko mkononi, unganisha multimita na usome gari linavuta miliampea ngapi.